Wafanyakazi wa Uwanja wa Ndege wa Msalato watafikaje kazini? Tuliamue hili kabla maegesho hayajajaa

Mleta uzi (Huduma za Ardhini)

Wanajukwaa, habari za leo. Tumezungumza sana kuhusu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato, hapa Dodoma: njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa Desemba 2019, na jiwe la msingi lililowekwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 30 Oktoba 2022. Kila mara swali la usafiri linapoibuka, mjadala huenda kwa abiria na namna atakavyotoka mjini akiwa na masanduku yake. Sijaona mahali ambapo watu wamekaa wakaulizana mfanyakazi atafikaje. Abiria hupita uwanjani mara chache kwa mwaka, lakini mwongoza ndege, askari wa zimamoto, mkaguzi wa mizigo, mpakia mizigo, mfanya usafi, mlinzi na yule mama anayewapikia wote hao watakwenda na kurudi wiki nzima, mwaka mzima, na wengi wao katika saa ambazo jiji limelala.

Uwanja tuliouzoea umo ndani ya jiji. Aliyepanga Area C au Area D hutembea kwa miguu hadi kazini, na anayeishi mbali kidogo hushuka daladala na kumalizia safari kwa hatua chache. Hakuna aliyetuhamasisha kutumia usafiri usiochafua mazingira; eneo lenyewe ndilo lililotufanya hivyo. Msalato iko takriban kilomita 12 kaskazini mwa katikati ya jiji, kwenye barabara ya Arusha. Huduma zikihamia huko, mtu aliyekuwa akitembea atalazimika kuchagua chombo, na atachagua katika wiki zile za mwanzo, akiwa na haraka na bila kupata ushauri wa yeyote. Atakayenunua pikipiki au gari kwa mkopo kwa sababu basi halikuwepo siku ya kwanza hataliacha gari hilo mwaka wa pili kwa sababu basi limeanza.

Watafiti wa tabia za usafiri wameligusa jambo hili. Bas Verplanken na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 nchini Uingereza, walionyesha kwamba watu wanaojali mazingira na waliohama makazi karibuni walitumia gari kwenda kazini kwa kiasi kidogo kuliko wenzao wenye mtazamo uleule ambao hawakuhama. Mazoea hulegea pale mazingira ya maisha yanapobadilika, na baada ya muda hukaza tena. Wafanyakazi wa uwanja wetu wanahama kwa pamoja, jambo ambalo halitatokea tena katika maisha yao ya kazi.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Gari dogo linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 litachoma karibu lita 2 kwa safari ya kilomita 24 ya kwenda na kurudi, yaani zaidi ya kilo 4 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Coaster, yaani basi dogo la abiria, ikitumia lita 17 za dizeli kwa kilomita 100 itachoma kama lita 4 kwa umbali huohuo na kutoa takriban kilo 11, lakini ikiwa imebeba watu 25, fungu la kila mmoja halifiki nusu kilo. Tofauti inakaribia mara kumi, na bado sijataja fedha ya mafuta inayotoka katika mshahara wa mtu ambaye juzi alikuwa akitembea bure.

Pendekezo langu ni kwamba taasisi zote zitakazofanya kazi Msalato, za umma na za binafsi, zikae pamoja na kuweka basi la wafanyakazi linalofuata zamu, lianze siku ileile ambayo huduma zinaanza. Mengine yaje baada ya hapo. Naomba maoni, hasa ya wanaojua barabara ile na wanaoendesha magari ya abiria.

Mkazi wa Veyula

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa mada hii. Mimi naishi mbele ya Msalato na ninaitumia barabara hiyo kila siku. Basi la wafanyakazi ni jambo jema, lakini naomba tusisahau daladala. Magari yanapita barabara ya Arusha tangu alfajiri, na wakazi wa Miyuji, Mnadani, Msalato na Veyula wanayategemea. Kama taasisi zitakodi mabasi yao peke yao, sisi wengine tutabaki na huduma ileile, na mfanyakazi wa uwanjani atakayechelewa basi lake hatakuwa na njia ya pili.

Ninachokiona kuwa kikwazo kikubwa ni kipande kati ya barabara kuu na jengo lenyewe. Uwanja wa ndege hauwezi kujengwa ubavuni mwa lami kama duka, hivyo mtu akishushwa barabarani bado ana mwendo mbele yake, juani au gizani. Kama kipande hicho kitakuwa na bodaboda tu, mfanyakazi atalipa nauli mbili kila upande, na mwisho wa mwezi atagundua kwamba ni nafuu kupanda pikipiki moja kwa moja kutoka mjini. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikipanga njia ya daladala inayoingia hadi ndani ya eneo la uwanja na kugeuzia huko, nusu ya tatizo itakuwa imekwisha. Kumbukeni pia Jumamosi ya mnada wa Msalato, ambapo barabara hujaa magari ya wanaokwenda kununua mifugo na kula nyama choma. Ratiba ya siku hiyo lazima iwe na nafasi ya ziada.

Dereva wa Coaster

Naomba niseme kama mtu wa kazi hiyo. Mkazi wa Veyula amesema vizuri, lakini daladala haitaingia uwanjani saa kumi alfajiri kwa sababu tu LATRA imechora njia. Dereva ana hesabu ya tajiri anayopaswa kuipeleka jioni, ana mafuta, na ana kondakta wa kumlipa. Akiingia ndani na kupata watu watatu, safari hiyo ameifanya kwa hasara, na kesho yake atageuzia barabarani hata kama kibao cha gari kimeandikwa uwanja wa ndege. Hili si suala la uadilifu wa madereva.

Linalowezekana ni mkataba unaolipa kwa safari badala ya kulipa kwa kichwa. Taasisi zinasema zinataka gari saa fulani, liwe limejaa au halikujaa, na mwenye gari analipwa kwa kufika kwa wakati. Mchana gari hilohilo linafanya kazi ya kawaida ya abiria kwenye njia ya Msalato. Mmiliki atakubali, kwa sababu ile fedha ya alfajiri na ya usiku inakuwa nyongeza yenye uhakika.

Kuna jambo moja ambalo mleta uzi hakulitaja na linawapa nguvu nyinyi wa uwanjani. Basi la wanafunzi au la wafanyakazi wa ofisi hujaa asubuhi upande mmoja na kurudi tupu. Kwenye kazi ya zamu, gari linaloleta wanaoingia ndilo linaloondoka na wanaotoka. Hakuna upande mtupu. Lakini faida hiyo itapatikana iwapo tu zamu za taasisi zote zitakutana. Kama walinzi wanabadilishana saa kumi na mbili, wapakia mizigo saa moja, na wakaguzi saa moja na nusu, hakuna Coaster itakayojaa, na kila kundi litarudi kutafuta bodaboda yake.

Mtumishi wa Ilazo

Naheshimu hoja zilizotolewa, ila nina wasiwasi. Wengi wetu tumesubiri miaka mingi kumiliki gari. Mtu amechukua mkopo kazini, amenunua gari la kumpeleka yeye na watoto, halafu anaambiwa aliache nyumbani kwa ajili ya mazingira. Maafisa wakubwa watashushwa mlangoni na magari ya serikali, na wa chini ndio watakaohimizwa kupanda basi. Kama utaratibu hautawahusu wote, sioni utakavyopokelewa.

Mleta uzi (Huduma za Ardhini)

Ndugu yangu wa Ilazo, hoja yako ni nzito. Sipendekezi kumnyima mtu gari lake. Ninachotaka ni kwamba asiye na gari asilazimike kulinunua kwa sababu ya kazi, na mwenye nalo apewe sababu ya kweli ya kuliacha siku anazoweza.

Nchini Marekani, jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1992 iliyowataka baadhi ya waajiri wanaowalipia wafanyakazi maegesho kuwapa chaguo la kuchukua thamani yake kwa fedha taslimu. Profesa Donald Shoup aliwafuatilia waajiri 8 waliotekeleza utaratibu huo kusini mwa jimbo hilo na mwaka 1997 akachapisha matokeo: waliokuwa wakiendesha peke yao walishuka kutoka asilimia 76 hadi asilimia 63, na umbali uliokuwa ukitembewa na magari kwa safari za kazini ulipungua kwa asilimia 12. Hakuna aliyekatazwa kuja na gari. Kilichobadilika ni kwamba anayepanda basi naye alipata kitu mkononi.

Maegesho si bure hata kama geti halitozi. Kuna kusawazisha ardhi, lami, taa, mitaro na mlinzi, na gharama hiyo hubebwa na taasisi kwa manufaa ya wenye magari pekee. Mfanya usafi anayekuja kwa miguu kutoka Msalato hapati chochote katika fungu hilo. Ikiwa fedha ya nafasi mia moja za magari ambazo hazitajengwa itaelekezwa kwenye mkataba wa basi na posho ya nauli, nadhani hata suala la usawa ulilolitaja litakuwa limeanza kupata jibu. Kuhusu maafisa wakubwa nakubaliana nawe kabisa: mkuu wa kituo akipanda basi hilo walau siku moja kwa wiki, hatahitaji kuandika waraka wa kuhimiza.

Mama wa Zamu ya Usiku

Wanangu na wadogo zangu, mimi nimefanya kazi za zamu kwa miaka mingi, na naomba tuzungumze kuhusu usiku kwa uwazi. Mwanamke anayetoka kazini saa sita usiku hafikirii kaboni. Anafikiria nani yuko barabarani. Mwajiri wangu wa zamani, ambaye sitamtaja, alituachia wenyewe jukumu hilo. Kila mmoja alikuwa na bodaboda wake wa mwezi, na siku bodaboda huyo akiumwa au akizima simu, mtu alilala kwenye kiti cha ofisi hadi kukuche. Wapo wasichana hodari walioacha kazi kwa sababu hiyo tu, na nafasi zao zilichukuliwa na wanaume, kisha ikasemwa kwamba wanawake hawaipendi zamu ya usiku.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Nyongeza hiyo ni halali ya mfanyakazi, lakini kwa mwenye mshahara mdogo haitoshi kulipa pikipiki ya kilomita 12. Afrika Kusini walikwenda mbele zaidi. Sheria yao ya masharti ya kazi ya mwaka 1997 inasema mwajiri anaweza kumpangia mtu kazi ya usiku iwapo kuna usafiri kati ya nyumbani kwake na kazini mwanzo na mwisho wa zamu. Ningependa taasisi za Msalato zijiwekee sharti hilo zenyewe, hata bila kusubiri Bunge.

Naongeza jambo linalosahauliwa na wanaopanga mabasi. Mzazi hukubali kuacha pikipiki au gari iwapo anajua kwamba mtoto akiugua saa nne asubuhi atapata namna ya kuondoka. Basi la zamu halitarudi hadi saa nane. Katika nchi nyingine waajiri huweka utaratibu wa safari ya dharura: mfanyakazi anayekuja kwa basi au baiskeli akipatwa na jambo la ghafla, ofisi inamlipia teksi. Gharama yake ni ndogo, kwa kuwa dharura hazitokei kila siku, lakini bila utaratibu huo akina mama hawatalitegemea basi hata liwe zuri namna gani.

Askari Mstaafu wa Zimamoto

Nakazia alipoishia mama. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka magari ya zimamoto ya uwanja yaweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika zisizozidi 3. Daraja la uwanja kwa upande wa zimamoto hutegemea magari, maji, dawa ya povu na askari waliopo zamu. Askari wawili wakikwama barabarani kwa sababu pikipiki imepasuka gurudumu, walio zamu hawawezi kuondoka, wanaendelea wakiwa wamechoka, na daraja linaweza kushushwa. Usafiri wa wafanyakazi uhesabiwe ndani ya usalama wa uwanja, usiachwe kwenye fungu la ustawi linalokatwa bajeti ikibana.

Mhandisi wa Barabara, Mkonze

Naona baiskeli haijaguswa, na naomba niitetee kwa tahadhari. Kutoka Msalato, Veyula au Miyuji, umbali ni mfupi, na ardhi ya Dodoma kwa sehemu kubwa ni tambarare kati ya vilima vyake vya mawe. Mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa unamfikisha mtu wa kilomita 5 ndani ya dakika 20. Kutoka katikati ya jiji ni karibu dakika 50, jambo ambalo wachache wataliweza, na si haki kulitarajia kwa mtu atakayebeba mizigo saa nane mfululizo.

Tatizo ni barabara yenyewe. Ile ni barabara kuu ya kwenda Kondoa, Babati na Arusha, na malori yake hayana subira. Ongezeni barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, ambayo kipande chake cha kaskazini kinatoka Nala kupitia Veyula hadi Mtumba. Makutano ya barabara hizo mbili yatakuwa na magari makubwa mchana na usiku. Kumwambia mtu aendeshe baiskeli kwenye bega la lami katika hali hiyo ni kumhatarisha. Njia ya baiskeli na waenda kwa miguu inapaswa kutenganishwa na lami kwa mtaro au kingo, na ijengwe sasa, wakati makandarasi na mitambo bado ipo karibu. Kuongeza njia hiyo miaka mitano baadaye huhitaji fidia, kuhamisha nguzo na kubomoa mitaro.

Halafu kuna jua na vumbi. Mvua zetu zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni upepo mkavu. Miti ipandwe pande zote, na ndani ya uwanja pawe na mabafu, makabati ya nguo na banda la baiskeli linaloonekana na mlinzi. Mfanyakazi wa kaunta hawezi kumhudumia abiria akiwa na vumbi la Miyuji kwenye kola.

Msomi wa UDOM

Kwa wanaotaka mfano wa uwanja wa ndege hasa, tazameni Logan wa Boston, Marekani. Mamlaka ya uwanja huo inaendesha mabasi ya Logan Express kutoka miji ya pembezoni, na wafanyakazi hupanda kwa nauli ya chini. Waligundua pia kwamba usafiri wa umma wa mji hauwafai wanaoingia alfajiri sana, hivyo wakaweka gari maalumu linalowachukua wakazi wa mitaa ya jirani kabla treni hazijaanza. Sambamba na hayo, idadi ya nafasi za maegesho uwanjani imewekewa ukomo kisheria tangu miaka ya 1970, kwa sababu ya hewa chafu. Naona hapo somo letu: walianza na saa na mitaa ya wafanyakazi.

Upo pia mpango wa kimataifa wa kupima kaboni ya viwanja vya ndege, ulioanzishwa na umoja wa viwanja vya Ulaya mwaka 2009. Uwanja unaotaka kufika ngazi ya tatu hulazimika kuhesabu hata safari za barabarani za abiria na wafanyakazi. Msalato ikianza na takwimu hizo tangu siku ya kwanza, itakuwa na msingi wa kulinganisha ambao viwanja vikongwe havina.

Mkazi wa Veyula

Vipi kuhusu basi la umeme? Treni ya SGR inayofika Dodoma tangu Julai 2024 inatumia umeme, na Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nairobi walianza kujaribu mabasi ya abiria ya umeme mwaka 2022.

Dereva wa Coaster

Kaka, kwa kazi hii linafaa kuliko kwa daladala ya kawaida. Njia ni moja, umbali unajulikana, na gari litasimama uwanjani saa kadhaa kati ya zamu na zamu, muda wa kutosha kulichaji. Lakini bei ya kununua ni kubwa mno kwa mmiliki wa gari moja. Taasisi zinunue zenyewe au zimdhamini mwenye gari. Nisingependa tusubiri basi la umeme, halafu siku ya kwanza pasiwe na basi lolote. Coaster ya dizeli iliyojaa bado ni bora kuliko magari ishirini.

Mleta uzi (Huduma za Ardhini)

Nakubaliana nawe, dereva. Jambo ambalo hatuwezi kulikwepa ni lile la zamu kukutana, na hilo halihitaji fedha. Nimezungumza na katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, naye yuko tayari kulipeleka kwa uongozi iwapo tutamletea jedwali. Naomba kila anayefanya kazi uwanjani, awe wa taasisi ya umma, kampuni ya ulinzi, usafi au mgahawa, aandike hapa mambo matatu: saa ya kuingia zamu, saa ya kutoka, na mtaa anaokaa. Msiandike majina yenu wala ya waajiri. Dereva, wewe tusaidie kupanga vituo.

Mfanya Usafi, Chang'ombe

Sisi tunaingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa saba mchana. Tuko saba tunaokaa Chang'ombe, wawili Nkuhungu na mmoja Miyuji.

Dereva wa Coaster

Chang'ombe na Nkuhungu zinaweza kuunganishwa na gari moja linalotoka saa kumi alfajiri, kisha linapitia Miyuji. Nahitaji kujua kama walinzi wanaweza kuingia saa kumi na moja pamoja nanyi. Mlinzi yeyote anayesoma, tafadhali jibu hapa chini.

Mlinzi, Miyuji

Tunaingia saa kumi na mbili. Msimamizi wetu anasema saa hiyo inaweza kurudishwa nyuma hadi saa kumi na moja, mradi zamu ya jioni nayo irudishwe kwa saa moja. Nitaleta jibu la maandishi wiki ijayo.